Bendi ya roki ya Nakuru inataka kuishi barabarani: jibu kwa mwimbaji wake

Swali: "Mimi ni mwimbaji, na ndiye ninayeendesha mambo ya bendi yetu hapa Nakuru. Tuko wanne: gitaa, besi, dramu na mimi. Nyimbo ni zetu wenyewe, hatuna lebo wala meneja. Tunataka kuacha kazi Desemba, tukodi matatu, tuzunguke miji kumi kwa mwezi mmoja: Kisumu, Kakamega, Bungoma, Kitale, Eldoret, Kisii na kuendelea. Wenye baa wananiambia watu wa huko wanataka rumba na ohangla. Mpiga dramu wetu ana mtoto wa miezi mitano. Je, bendi kama yetu inaweza kuishi kwa shoo za barabarani?"

Jibu:

Dada, inaweza. Ila kwa mpango huo haitafika Februari, na nitakuonyesha kwa hesabu kwanza, maana hesabu huzivunja bendi mapema kuliko ugomvi wowote.

Chukua mzunguko mfupi tu. Mnatoka Nakuru Alhamisi asubuhi na kucheza Kisumu usiku huo, Ijumaa Kakamega, Jumamosi Eldoret, Jumapili mko nyumbani. Jumla inakaribia kilomita 500. Matatu ya kukodi ya viti 14, tuseme shilingi 8,000 kwa siku, ni 32,000 kwa siku nne. Mafuta, tukichukulia lita ni shilingi 180 na gari linakwenda kilomita tisa kwa lita, ni kama 10,000. Dereva wa 1,500 kwa siku, 6,000. Watu watano wanaokula kwa shilingi 600 kwa siku, 12,000. Vyumba vitatu vya shilingi 1,000 kwa usiku tatu, 9,000. Hapo mko 69,000, yaani 23,000 kwa kila shoo. Kiingilio kikiwa shilingi 300, mnahitaji watu 77 kila usiku, katika miji ambayo hakuna anayewajua, ili mrudi nyumbani bila deni na bila senti. Na spika bado hatujazikodi.

Sasa fanyeni safari hiyo hiyo mchana kwa matatu za abiria, wanne nyinyi, bila dereva wa kulisha. Nauli ya mzunguko mzima, tuseme 1,900 kwa kila mtu, ni 7,600. Vyumba viwili, 6,000. Chakula, 9,600. Jumla 23,200. Watu 26 kwa kila shoo na gharama imerudi. Bei utakazokutana nazo zitapanda na kushuka, lakini tofauti kati ya safari hizi mbili haitaondoka: gari la kukodi linadai umati mara tatu. Watu 26 mnaweza kuwapata Kisumu mara ya kwanza kabisa. Watu 77 hamtawapata.

Ndiyo maana nakuomba uache ile miji kumi. Nimeshughulika na mitambo na safari za bendi upande huu kwa muda mrefu, nyingi zikiwa za benga na rumba na chache za roki, na zile zinazodumu zote hufanya jambo moja: hurudi. Mji ule ule, ukumbi ule ule ikiwezekana, baada ya wiki tano au sita. Mara ya kwanza wanakuja ishirini kwa sababu rafiki amewavuta. Mara ya pili hao ishirini ndio wanaovuta wengine, na wanajua maneno ya wimbo mmoja au miwili. Mara ya tatu simu inatoka kwa mwenye ukumbi. Ukipita mji mara moja kisha ukapotea mwaka mzima, pesa na jasho la ile safari ya kwanza umevimwaga. Miji mitatu inawatosha kwa kuanzia, na hiyo niliyoitaja kwenye hesabu nimeichagua kwa makusudi: Kisumu ina Maseno jirani, Kakamega ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Eldoret ina Chuo Kikuu cha Moi. Mashabiki wengi wa roki magharibi mwa Kenya ni wanafunzi, au walikuwa wanafunzi juzi juzi.

Utaniuliza, dramu nazo zitapanda matatu? Hazihitaji kupanda. Bendi nyingi za rumba na benga zinazopiga baa moja kila wikendi huacha pale pale seti ya dramu na amplifaya mbili tatu. Tafuta bendi hiyo kabla hujamtafuta mwenye baa. Kodi vyombo vyao kwa usiku mmoja, lipa mkononi kabla hamjagusa kitu, na uahidi kwa maandishi kwamba ngozi ikipasuka mtainunua. Mpiga dramu wenu abebe yake tu: sneya (ile ngoma ndogo ya mlio mkali), matoazi, pedali na fimbo. Hivyo ndivyo vinavyovunjika upesi, na ndivyo vinavyofanya mlio wake uwe wake. Wa gitaa na besi wabebe magitaa, waya zao, nyuzi za akiba na waya mrefu wa soketi. Piga simu wiki moja kabla uulize dramu ziko ngapi, maiki ngapi zinafanya kazi, amplifaya ya besi ipo au haipo, na jina la fundi atakayekuwa kwenye mitambo usiku huo. Huyo fundi mnunulie chakula cha jioni. Sisemi hivyo kwa sababu nami ni fundi. Nasema kwa sababu mtu aliyekula nanyi hatawaacha mwimbe shoo nzima spika zikipiga mluzi.

Minutemen, bendi ya San Pedro, California, waliishi karibu hivyo miaka ya 1980. Walikuwa watatu, waliendesha gari lao wenyewe, walibeba vyombo wenyewe, na rekodi zao walizihesabu kuwa tangazo la kuwaleta watu kwenye shoo. Huku kwetu, Abana ba Nasery wa Bunyore waliutengeneza muziki wao kwa magitaa na chupa ya Fanta, nao ukawafikisha Uingereza kurekodi. Mzigo mwepesi haujawahi kuifanya bendi kuwa ndogo.

Sasa wenye baa. Wanachokuambia kuhusu Jumamosi ni kweli, na usibishane nao. Jumamosi usiku Kisumu ina wenyewe. Bendi ya benga au ohangla haili kiingilio peke yake. Kuna pakruok, mtu anapotoa pesa ili yeye au rafiki yake atajwe na kusifiwa katikati ya wimbo, na usiku mzuri pesa hizo ni nyingi. Wale wanaosifiwa ndio pia wanaoagiza vinywaji kwa meza nzima. Shabiki wako wa roki ananunua soda moja, anasimama mbele ya jukwaa saa mbili, anarudi hosteli. Mwenye baa anayekataa kukupa Jumamosi usiku hana chuki na muziki wako. Anapiga hesabu yake kama mimi nilivyopiga yenu.

Kwa hiyo usiombe usiku wake mzuri. Omba Jumatano au Alhamisi, wakati viti vyake viko tupu, umwambie hivi: mlango wetu, kaunta yako, hutulipi kitu. Mwenye baa mwenye akili hana sababu ya kukataa. Jumamosi omba alasiri. Sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, huruhusu baa za kawaida kufungua saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, lakini wikendi milango inaweza kufunguliwa saa nane mchana. Kuanzia saa tisa mpaka saa moja jioni, kabla bendi ya usiku haijaunganisha waya zake, kuna saa nne ambazo karibu hakuna anayezitaka. Hizo ni zenu, dramu tayari ziko jukwaani, na mwanafunzi anarudi kwao matatu zikiwa bado zinatembea. Tafuteni pia kumbi ambazo si baa. Kwenu mna Nakuru Players Theatre, na Kisumu kuna sehemu za kambi kule Dunga ambako mtu asiyekunywa pombe anakaa kwa raha.

Bei msiiguse. Fugazi, bendi ya Washington iliyoanza 1987, kwa miaka mingi walishikilia kiingilio cha dola 5 hivi, wakaruhusu watu wa rika zote, na shoo zao walizipanga wenyewe. Mtu aliyelipa 300 mara ya kwanza akute 300 mara ya tatu, hata kama ukumbi umejaa.

Mlangoni asisimame mlinzi wa baa. Asimame mtu wenu, ikiwezekana rafiki anayekaa mji huo, akiwa na till ya M-PESA ya bendi, kijisanduku cha pesa taslimu na muhuri wa mkono. Wageni wa bure wasizidi watano, na majina yawe yameandikwa kabla ya saa kumi na mbili. Hesabu ifanywe mbele ya mwenye ukumbi mara tu shoo inapoisha, kabla mtu yeyote hajakaa kunywa. Makubaliano yote yaandikwe hata kwa ujumbe wa WhatsApp: tarehe, saa ya kuanza, nani anapata nini, nani analipia mitambo, na itakuwaje stima ikipotea nusu saa baada ya kuanza. Mwenye ukumbi akutumie pia picha ya kibali chake cha kelele. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zipo, na maafisa wa kaunti wakija kubeba vyombo hawataki kujua ni vya nani.

Na anayekuambia roki si ya Waafrika, mtajie Zambia ya miaka ya 1970: WITCH, Amanaz, Ngozi Family, bendi za roki zenye mashabiki wa nchi yao wenyewe. Muziki ule ulidhoofishwa sana na kuanguka kwa bei ya shaba kulikouvuta uchumi wote chini, na WITCH wamefufuka uzeeni wakazunguka Ulaya na Marekani. Jirani zaidi walitokea Duma, vijana wawili wa Nairobi wa muziki mzito kuliko wenu, nadhani, ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mkishaizoea Kisumu, Uganda haiko mbali. Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Bebeni orodha ya vyombo yenye namba zake mgongewe muhuri forodhani mkitoka, ili mkirudi msitozwe ushuru wa gitaa lenu wenyewe. Lakini hilo ni la mwaka wa pili.

Kuna jambo moja ambalo silijadili na bendi yoyote, nalo ni kusafiri usiku baada ya shoo. Usiku huo wote mmechoka, masikio yamejaa, mmoja amekunywa, na mtu atasema "twendeni tu tulale nyumbani, tuokoe pesa ya chumba." Barabara yenu ya kurudi Nakuru ndiyo ile ya Londiani na Salgaa. Pale makutano ya Londiani, lori liliua watu 52 mwaka 2023, na hata usiku haukuwa mkubwa. D. Boon, mpiga gitaa wa hao Minutemen niliowasifu, alikufa Desemba 1985 huko Arizona. Alikuwa na homa, amelala nyuma ya gari la bendi bila mkanda, gari likaacha barabara. Alikuwa na miaka 27. D.O. Misiani, mzee wa Shirati Jazz aliyeibeba benga miaka arobaini, alifariki kwa ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006. Laleni mlipocheza. Elfu mbili ya vyumba ni sehemu ya gharama ya shoo kama nyuzi za gitaa, ndiyo maana niliiweka kwenye hesabu tangu mwanzo. Siku mtakapopata gari lenu, dereva asiwe mmoja wenu, kila mtu afunge mkanda hata akilala, na amplifaya zifungwe kwa kamba nyuma ya viti, kwa sababu gari likisimama ghafla, kilo thelathini zinakuja shingoni.

Stima ni ya pili kwa kuniogopesha. Waya nyingi za baa zetu zimeungwa na mtu wa haraka. Gitaa likiwa kwenye soketi moja na mikisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, kwenye nyingine, na moja haina waya wa athi, ule unaopeleka ardhini stima iliyovuja, basi mpiga gitaa anayeshika nyuzi kisha akagusa maiki kwa mdomo anaweza kuwa njia ya volti 240. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, kwa maiki ya namna hiyo. Nunueni kile kifaa kidogo cha taa tatu kinachochomekwa kwenye soketi na kuonyesha kama athi ipo, mpime kila soketi kabla ya kuunganisha kitu, na vyombo vyote vya jukwaani vitoke upande mmoja.  Mtu akisikia hata mtekenyo mdogo kwenye maiki au nyuzi, shoo haianzi. Na kile kipini cha athi kwenye plagi kisikatwe kamwe ili kuondoa mvumo kwenye spika. Mvumo una dawa nyingine.

Kuhusu miili yenu, anza na malaria, kwa sababu nyinyi ni watu wa Nakuru. Mji wenu uko kwenye mita 1,850 hivi na malaria huko ni chache. Kisumu iko kama mita 1,130, kando ya ziwa, na kuanzia hapo mpaka Kakamega na Busia mbu wanafanya kazi mwaka mzima. Mwenyeji amejenga kinga kidogo tangu utotoni, nyinyi hamna. Bebeni neti zenu, msitegemee ya lojing'i yenye matundu. Homa kwa kawaida huja wiki moja mpaka mbili baada ya kuumwa, wakati mko nyumbani mkidhani ni baridi ya Nakuru, kwa hiyo yeyote akishikwa na joto au kichwa apimwe siku hiyo hiyo na amwambie daktari alilala Kisumu.

Masikio hayaponi. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ongezeko la desibeli tatu linakata muda nusu, hivyo kwenye desibeli 100 mtu ana dakika 15 tu. Anayeketi kando ya matoazi huvuka hapo kabla wimbo wa nne haujaisha. Vizibo vya sponji huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, vaeni hata mazoezini. Sauti yako wewe haiharibiwi sana na kuimba. Inaharibiwa na saa mbili za kupiga kelele juu ya muziki wa baa kabla ya shoo, ukisalimiana na watu. Kaa nje na maji yako mpaka zamu ifike. Na mkishuka kutoka baridi ya Nakuru hadi joto la Kisumu, magitaa yatapoteza sauti zake. Fungueni mikoba nusu saa mapema.

Pesa za mlango zigawanywe mara tano. Nne ni zenu, sawa kwa sawa, awe mtunzi au mpiga besi. Ya tano ni ya bendi, inakaa mahali ambapo watu wawili lazima watie sahihi. Hiyo ndiyo itakayonunua neti, nyuzi na siku moja gari. Utunzi ni jambo tofauti: andikeni sasa, mkiwa marafiki, nani ametunga nini, mkasajili nyimbo kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Fulana chapisheni chache, thelathini tu, baada ya mzunguko wa pili, si kabla.

Kwa huyo baba wa mtoto, mzunguko wa namna hii unamtoa nyumbani usiku tatu katika wiki tano. Hilo analiweza, na mama wa mtoto anaweza kulikubali akielezwa mapema na tarehe zikiheshimiwa. Mwezi mzima wa miji kumi asingeuweza, na nyinyi mngempoteza katikati ya safari. Hata hivyo tafuteni kijana mmoja Nakuru anayezijua nyimbo zenu kumi za kwanza, alipwe akicheza, ili mtoto akiugua baba abaki nyumbani bila mtu kumnunia.

Kazi msiziache Desemba. Ombeni ruhusa ya Alhamisi na Ijumaa, fanyeni mizunguko mitatu, na katika daftari moja uandike kila mji: waliolipa wangapi, waliorudi wangapi, gharama kiasi gani. Mzunguko wa tatu ukiisha, angalia kama miji miwili kati ya mitatu imerudisha gharama na kuwaachia kila mmoja angalau kile alichokosa kazini kwa siku hizo mbili. Ikiwa imefanya hivyo, ongezeni Kisii au Kitale, na wa kwanza kuacha kazi uwe wewe, kwa sababu wenye kumbi hupokea simu saa za ofisi. Ikiwa haijafanya hivyo, badilisheni mji mmoja na mjaribu tena, mshahara ukiendelea kuingia.

Na msianze Desemba kwa sababu nyingine pia: nauli zinapaa, watu wa Nairobi wanarudi mashambani, na bendi kubwa zimeshika kumbi zote. Januari watu wamelipa karo na mifuko imekauka. Anzeni Februari, vyuo vikiwa vimefunguliwa, Alhamisi, Kisumu. Simu ya kumtafuta mwenye dramu piga mapema Januari.